Rimoti Isipofika Chumbani: Ya Kufanya na ya Kutofanya

King'amuzi kiko sebuleni, televisheni ya pili iko chumbani, na rimoti iko mkononi mwa mtu asiyetaka kuinuka kitandani. Hapo ndipo balaa huanzia. Nimeona ving'amuzi vilivyoungua, kuta zilizotobolewa mpaka kwenye waya wa umeme, na kijana aliyepandishwa juu ya bati mvua ikinyesha, yote kwa sababu stesheni imegoma kubadilika. Hakuna hata moja lililokuwa na ulazima.

Shika jambo moja kabla ya mengine. Rimoti ya kawaida ni tochi. Inatoa mwanga wa infraredi, takriban nanomita 940, ambao macho yetu hayauoni, ukiwaka na kuzima kama mara 38,000 kwa sekunde. King'amuzi nacho kina jicho dogo nyuma ya plastiki nyeusi linalousoma mwanga huo. Hauvuki ukuta. Ukiongeza umbali mara mbili, unaofika ni robo tu. Kwa hiyo anayehangaika kuipa rimoti nguvu anachoma hela. Anayefaulu ni yule anayelileta jicho la king'amuzi pale alipo yeye.

KABLA HUJATOA HELA: FANYA

Pima rimoti kwa kamera ya simu. Fungua kamera ya mbele, elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi, bonyeza kitufe na usikiachie. Ukiona mwanga wa zambarau au mweupe ukimetameta kwenye kioo cha simu, rimoti inatoa. Usipouona, ijaribu simu hiyo hiyo kwa rimoti nyingine unayojua ni nzima, kwa sababu kamera nyingi, hasa za nyuma, zina kichujio kinachouzuia mwanga huo. Watu wanarukia kununua vifaa vya kurefusha mawasiliano ya rimoti iliyokufa zamani.

Vua nailoni. Rimoti ina miaka mitatu na bado imevaa nailoni ya dukani, imepauka na kukunjamana mbele ya taa yake. Unajiibia umbali mwenyewe.

Ondoa kitambaa. Najua kimefumwa kwa mkono na kinapendeza. Kikining'inia mbele ya king'amuzi kinaziba jicho, na kikilazwa juu yake kinaziba matundu ya hewa. Niliitwa nyumba moja ambako fundi aliyetangulia alishasema bodi imekufa na ametaja bei. Nikainua kitambaa, stesheni zikabadilika. Mama mwenye nyumba alicheka, lakini hela ya ukaguzi ya yule wa kwanza haikurudi.

Kigeuze king'amuzi kitazame watu. Jicho linaona vizuri mbele, pembeni linaona hafifu. Kwenye mstari ulionyooka, rimoti yenye betri nzuri inafika mita saba hadi kumi. Sebule za nyumba zetu nyingi haziufikii urefu huo. Kama yako haifiki kutoka kwenye kochi, tatizo ni king'amuzi kilichotazamishwa dirishani au kilichosukumwa nyuma kabisa ya kabati.

Jaribu gizani. Jua la jioni likipiga king'amuzi moja kwa moja, jicho hulemewa. Taa za kubana matumizi na baadhi ya taa rahisi za LED nazo hutoa mchecheto unaolichanganya. Rimoti ikishika taa zikiwa zimezimwa na kugoma zikiwaka, badilisha taa au hamisha king'amuzi.

KABLA HUJATOA HELA: USIFANYE

Usimpandishe mtu kwenye dishi. Dishi linaleta picha na sauti, halijui kama una rimoti. Picha ikiwepo na stesheni haibadiliki, nenda kabonyeze vitufe vya king'amuzi chenyewe. Vikifanya kazi, shida iko kwenye rimoti, kwenye jicho, au katikati yake. Visipofanya kazi pia, king'amuzi kimeganda: chomoa umeme, subiri dakika moja, rudisha. Kuna mtu anatembea na pini mguuni kwa sababu hakuna aliyefikiria kubonyeza kitufe.

Usiipigepige rimoti kiganjani. Rimoti inayozinduka kwa kupigwa ina betri zilizolegea au springi zenye kutu. Fungua, safisha, kaza.

Usinunue rimoti kwa sababu muuzaji amesema inapiga mbali. Ukuta uliokushinda kwa rimoti ya zamani utakushinda kwa hiyo pia.

BETRI: FANYA

Badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Betri ndogo za rimoti zina volti 1.5 kila moja, mbili zinakupa 3. Ukiwa na mita, ikisoma chini ya 1.2, itoe. Za kuchaji zina volti 1.2 tangu mwanzo, kwa hiyo usishangae umbali ukipungua kidogo.

Zitoe betri kwenye rimoti isiyotumika. Zitavuja. Ukikuta ukoko mweupe kwenye springi, usiuguse kwa vidole kisha ukasugua macho. Ikiwa ni betri za alkalini, chovya pamba kwenye siki au ndimu, futa ukoko, maliza kwa spiriti, acha pakauke ndipo uweke betri mpya.

BETRI: USIFANYE

Usizianike juani, usizing'ate, usizichemshe. Joto linaiamsha betri kwa dakika chache na kuivujisha ndani ya rimoti. Umeokoa bei ya betri, umeua rimoti.

Usiweke betri za lithiamu zinazofanana nazo kwa umbo. Nyingi zina volti 3.7. Mbili ni 7.4, na saketi ya rimoti imetengenezewa 3. Vijana wanaita "kuipa moto". Moto wanaupata kweli. Wengine wanafungua rimoti na kuunga betri ya volti 9, wengine wanaruka kizuizi cha umeme kilicho kabla ya taa ili iwake zaidi. Taa hiyo huungua, na ikikaa kidogo kabla ya kuungua, watoto wanaitazama kwa karibu kwa sababu hawaoni kitu. Mwanga mkali usioonekana ni mbaya kuliko unaoonekana, maana jicho halijui kufumba.

Usizitupe kwenye shimo la kuchomea taka. Betri iliyofungwa ikipata moto hupasuka, na anayesimama karibu akiwa na kijiti cha kuchochea mara nyingi ni mtoto.

Usiache betri bapa za rimoti nyembamba mahali mtoto anapofika. Hili nalikazia. Rimoti nyembamba, zikiwemo nyingi za redio na feni, hutumia betri ya duara kama shilingi. Mtoto akiimeza ikanasa kooni, inaanza kuunguza nyama ya ndani, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeshaharibu vibaya. Haihitaji kupasuka wala kuvuja, mate yanatosha kupitisha umeme wake. Kifuniko cha rimoti ya namna hiyo kisipokuwa na skrubu, kibandike tepu. Ukishuku kwamba mtoto ameimeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na useme wazi kwamba ni betri. Usimtapishe. Usisubiri uone kama itatoka kesho.

JICHO LA WAYA: FANYA

Hii ndiyo dawa ya nyumba nyingi, na ni rahisi kuliko mnavyoogopeshwa. Unanunua seti yenye vitu vitatu: jicho la kupokea, kitoa mwanga, na umeme mdogo wa volti 5. Jicho linakaa chumbani na kuona rimoti yako. Waya unabeba ujumbe hadi sebuleni. Kitoa mwanga kinabandikwa mbele ya king'amuzi na kukirudia kile ulichobonyeza. Kama king'amuzi chako ni kile kidogo chenye tundu lililoandikwa IR, kitoa mwanga hakihitajiki: jicho la nje linachomekwa hapo moja kwa moja.

Litafute jicho la king'amuzi kabla ya kubandika. Mulika tochi ya simu kwenye plastiki nyeusi ya mbele, kwa pembe. Utaona kitu kidogo cheusi kilichofura kama punje ya njegere nyuma ya plastiki. Usipokiona, shika kitoa mwanga kwa vidole, mtu mwingine abonyeze rimoti chumbani, nawe ukisogeze polepole kutoka kushoto kwenda kulia mpaka king'amuzi kiitikie. Weka alama, futa vumbi kwa spiriti, ndipo ubandike. Gundi ya juu ya vumbi huanguka usiku, asubuhi ananiita mtu kwamba "mtambo wako umekufa".

Tenganisha jicho na kitoa mwanga. Jicho likiona mwanga wa kitoa mwanga chake chenyewe, litaurudia, litauona tena, litaurudia tena, na king'amuzi kitapokea vurugu tupu. Chumba kingine panatosha. Kama viko chumba kimoja, funika kitoa mwanga kwa tepu nyeusi upande wa nje.

Chukua umeme mahali usipozimika. Huyu ni mdudu anayewasumbua wengi. Mtu anachomeka seti kwenye tundu la USB la king'amuzi, inafanya kazi vizuri mchana kutwa, usiku anazima king'amuzi kwa rimoti akiwa kitandani. Asubuhi kinagoma kuwaka. Ving'amuzi vingi hukata umeme wa USB vikizimwa, kwa hiyo amelizima jicho alilokuwa analitegemea kuwashia. Tumia chaja ndogo ya simu ya volti 5 kwenye soketi yake.

Zima vyote kabla ya kuchomeka. King'amuzi, televisheni, chaja, chomoa ukutani. Umewahi kuhisi vidole vinatekenywa ukigusa chuma cha nyuma ya king'amuzi na bomba au televisheni nyingine kwa wakati mmoja? Huo ni umeme mdogo unaopenya kwenye vifaa visivyo na ardhi. Wewe unakutekenya tu. Tundu la HDMI unaliua.

JICHO LA WAYA: USIFANYE

Usichomeke jicho kwenye kila tundu linalolingana. Tundu la IR na tundu la AV yote ni ya milimita 3.5, yamepangwa jirani, na maandishi yake hayaonekani bila tochi. Pia plagi ya jicho ina sehemu tatu, ya umeme, ya ardhi na ya ujumbe, na viwanda havikukubaliana ipi ikae wapi. Jicho la king'amuzi cha jirani likichomekwa kwako linaweza kugusanisha umeme na ardhi. Kwenye ving'amuzi rahisi hakuna fyuzi ya kukuokoa. Pima kwa mita, au nunua jicho la king'amuzi chako.

Usichanganye jicho na kitoa mwanga. Seti za kupeleka HDMI kwa waya wa neti zina matundu mawili yaliyoandikwa TX na RX, na watu huyakosea kila siku. Jicho, lile jeusi lililofura, liko upande wa televisheni ya chumbani. Kitoa mwanga, kile chenye taa ndogo angavu, kiko upande wa king'amuzi. Ukivipishanisha havitaungua, ila utakaa unailaumu seti nzima.

Usipitishe waya huu mwembamba kwenye paipu moja na waya wa umeme wa nyumba. Ujumbe utavurugika, hilo ni dogo. Kubwa ni siku ganda la waya wa umeme litakapochubuka mle ndani: volti 230 zitatembea hadi kwenye kijicho cha plastiki kilicho pembeni ya mto wako wa kulalia.

Usiunge waya kwa kusokota na kuacha wazi chini ya zulia. Mtu atakanyaga, atasafisha kwa maji, panya atamalizia.

NJIA YA REDIO: FANYA

Tumia jozi ya redio pale ambapo kupitisha waya haiwezekani, kwa mfano nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki tundu hata moja. Kimoja kinakaa chumbani, kinapokea mwanga wa rimoti na kuugeuza kuwa redio, nyingi zikiwa kwenye megahezi 433. Cha pili sebuleni kinaurudisha kuwa mwanga. Redio inavuka ukuta wa tofali bila shida.

Kagua kabla kama rimoti yako si ya Bluetooth. Ifunike kichwa chote kwa kiganja, uitazamishe nyuma, ubonyeze. Ikiendelea kufanya kazi, haihitaji lolote kati ya haya.

NJIA YA REDIO: USIFANYE

Usiiweke jozi nyuma ya friji, kabati la chuma au ukuta wa bati. Chuma kinaizuia redio.

Usishangae jirani akikubadilishia stesheni. Jozi nyingi za bei nafuu hazina namba ya siri, na rimoti za mageti na baadhi ya funguo za magari zinatumia mawimbi hayo hayo. Kama mnaishi kuta zimegusana na jirani ana king'amuzi cha aina yako, rudi kwenye waya.

Usitegemee kifaa cha Wi-Fi kinachopokea amri za simu na kuzitoa kama mwanga wa rimoti, kama bando lako linakata katikati ya mwezi. Vingine haviendi bila intaneti hata kama simu na kifaa viko chumba kimoja. Vingi pia vinakubali Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee. Na simu yenye taa ya rimoti juu yake ni rimoti tu kama ile uliyonayo: mwanga ule ule, ukuta ule ule.

WAYA WA DISHI NA WAYA WA TELEVISHENI: FANYA

Kwenye ving'amuzi vya zamani vyenye tundu la RF OUT, waya mmoja unaweza kupeleka picha chumbani na kurudisha ujumbe wa rimoti. Baadhi vimetengenezwa hivyo, vinatoa umeme mdogo kwenye waya huo kwa ajili ya jicho. Soma kitabu cha king'amuzi, washa umeme huo kwenye menyu, na ununue jicho lililotajwa humo. Usipolikuta neno lolote kuhusu jicho, hakina.

Andika waya kwa tepu: huu dishi, huu chumbani. Zote ni nyeusi au nyeupe, zote zina kichwa cha kusokota, na miezi sita baadaye hutakumbuka.

WAYA WA DISHI NA WAYA WA TELEVISHENI: USIFANYE

Usiweke jicho kwenye waya unaotoka kwenye dishi. Waya huo unabeba volti 13 au 18 kwenda kwenye kichwa cha dishi, kutegemea stesheni uliyofungua. Jicho la volti 5 halitoki salama hapo. Mtu aliyefanya hivyo alipoteza jicho kwanza, kisha akachomoa na kuchomeka king'amuzi kikiwaka, uzi mmoja wa wavu wa nje ukagusa shaba ya katikati, na king'amuzi kikalifuata jicho.

Usiweke splita ya kawaida katikati ya jicho na king'amuzi. Nyingi hazipitishi umeme. Picha utaipata, rimoti haitafika, na utaanza kubadilisha vitu vizima.

UKUTA, DARI NA RADI: FANYA

Pitisha waya juu ya mlango, kwenye ukingo wa fremu, ukibanwa kwa klipu. Ni kazi ya saa moja na haina tundu.

Chomoa plagi na waya wa dishi mawingu yanapokusanyika, kabla ngurumo haijafika. Nyumba za kando ya Ziwa Victoria zinajua radi ni nini. Ukishaongeza waya wa mita kumi na tano kutoka sebuleni kwenda chumbani, umeipa radi njia ya kufikia televisheni mbili. Radi ikishaanza kupiga, usiguse waya tena. Mashine ziache ziungue.

UKUTA, DARI NA RADI: USIFANYE

Usitoboe juu, chini, wala usawa wa soketi au swichi. Waya za umeme hupandia na kushukia hapo. Drili ya kuazima mikononi mwa mtu anayekisia ndiyo inayonipa kazi za Jumatatu. Kama ni lazima utoboe, zima swichi kuu kwanza na utumie drili ya betri.

Usikanyage dari ya jipsamu. Kanyaga mbao zake, au usipande.

Usipeleke waya nyumba ya jirani ili mchangie king'amuzi kimoja. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumba moja, na mkataba uliotia saini unasema hivyo. Kuna na hatari: nyumba yake ina mita yake, pengine imeungwa fezi nyingine, na hujui mpangilio wake wa ardhi. Hitilafu ikitokea kwake, umeme unarudi kwenye wavu wa waya wenu mpaka kwenye chuma cha king'amuzi chako, na atakayekigusa ni wewe. Waya kama huo ukiwa tayari umeshafungwa, zimeni umeme nyumba zote mbili, chomoeni ncha zote mbili, kisha mwiteni fundi umeme apime.